CHUO KIKUU JIRANI: FAIDA YAKE HUPIMWA NAMNA GANI?

Somo kwa wakulima wa skimu

Maneno haya husemwa mara nyingi katika baraza: "Tukipata chuo kikuu hapa kwetu, umaskini utakwisha." Mara nyingine hutajwa na hesabu kubwa, kwamba chuo cha mahali fulani huleta shilingi milioni kadha wa kadha kila mwezi. Baada ya maneno hayo wakulima huombwa jambo. Huombwa waachilie ardhi ya umma iliyowekwa kwa ajili ya josho au soko, au wauze sehemu ya shamba, au wachukue mkopo wa kujenga vyumba vya wanafunzi.

Mkulima wa skimu ajua thamani ya ardhi. Wengi walipewa mashamba katika ule mpango wa ekari milioni moja ulioanza mwaka wa 1962, nao walikaa miaka mingi wakilipa deni lake. Basi haifai mtu wa namna hiyo akubali jambo kwa kupigiwa makofi, wala alikatae kwa kunong'onezwa. Yafaa apime kwanza, ndipo aseme.

Kipimo chenyewe si kigumu. Mkulima mwenye ng'ombe hasemi kwamba bei yote ya maziwa ni faida yake. Hutoa kwanza gharama ya chakula, dawa, mshahara wa mchungaji na safari ya kupeleka maziwa. Kinachobaki ndicho faida. Chuo kikuu nacho hupimwa hivyo hivyo, ila ni ng'ombe mkubwa zaidi, na wanaodai maziwa yake ni wengi.

1. TUANZE NA MFANO WA NJORO

Njoro iko kaunti ya Nakuru, na hapo pana Chuo Kikuu cha Egerton. Mwaka wa 1939 Lord Egerton wa Tatton, mlowezi Mwingereza, alitoa ekari 740 ili shule ya ukulima ianzishwe. Siku zile ilikuwa shule ya vijana wa Kizungu peke yao. Mwaka wa 1958 aliongeza ekari 1,100, na muda si mrefu baadaye milango ikafunguliwa kwa watu wa rangi zote. Mwaka wa 1986 chuo kiliwekwa chini ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka wa 1987 kikawa chuo kikuu kamili kwa sheria ya Bunge.

Mtu afikaye Njoro leo huona maduka, nyumba za kupanga, vibanda vya chakula na pikipiki nyingi. Ni rahisi kusema, "Haya yote yameletwa na chuo." Lakini ngoja kidogo. Reli ilipita Njoro kwenda Kisumu, na reli hiyo ilifika ziwani mwaka wa 1901, miaka 38 kabla ya shule kuanzishwa. Tena, kituo cha Serikali cha kuzalisha mbegu za ngano kilianzishwa Njoro mwaka wa 1927, nacho si mali ya chuo kikuu. Na udongo wa Njoro ni udongo mzuri wa ngano na viazi, ambao haukuletwa na mtu.

Hapa twapata fundisho la kwanza. Kuona chuo na kuona maendeleo mahali pamoja hakutoshi kuonyesha kwamba cha kwanza kimezaa cha pili. Anayepima sharti aulize: kama chuo kisingekuwapo, pangekuwa na nini? Tofauti kati ya hali iliyopo na hali ambayo ingekuwapo ndiyo faida ya chuo. Mazao ya mbegu ya ngano iliyotoka katika kituo cha Serikali yasiandikwe katika daftari ya chuo kikuu, hata kama vyote viwili viko Njoro.

2. WEKA MPAKA KWANZA

Kabla ya kuhesabu, chora mpaka. Wapima faida ya nani? Ya skimu yako? Ya kaunti nzima? Ya Kenya yote? Jibu hubadilika kila mpaka ubadilikapo.

Tuseme mwanafunzi anatoka mjini Nakuru kwenda kusoma Njoro. Fedha anazotumia Njoro ni fedha mpya kwa watu wa Njoro. Kwa kaunti ya Nakuru si mpya, kwa kuwa zimehama tu kutoka mfuko mmoja wa kaunti kwenda mfuko mwingine. Kadhalika mishahara ya walimu inayolipwa na Serikali. Kwa Njoro ni fedha zinazoingia kutoka nje, lakini kwa Kenya nzima ni kodi iliyotolewa na raia wengine, wakiwamo wakulima wa mbali wasiokiona chuo hicho hata kwa macho.

Kwa hiyo mtu akitangaza kwamba chuo chaleta mamilioni, swali lako la kwanza liwe: "Yaletwa wapi, na yatoka wapi?"

3. FEDHA ZINAZOPITA LANGONI

Njia ya kuhesabu fedha za chuo iliandikwa na Wamarekani wawili, Caffrey na Isaacs, mwaka wa 1971, na vyuo vingi vimeifuata tangu hapo. Huhesabu mafungu matatu. La kwanza ni yale ambayo chuo chenyewe kinanunua katika jirani zake: chakula, kuni, mawe ya kujengea, kazi ya mafundi. La pili ni matumizi ya wafanya kazi wa chuo. La tatu ni matumizi ya wanafunzi na wageni wao.

Njia hiyo ni nzuri ikitumiwa kwa uangalifu. Shida ni kwamba mara nyingi hutumiwa na wale wanaotaka kukisifu chuo, na hapo hesabu huvimba. Mwaka wa 2007 wataalamu watatu wa Marekani, Siegfried, Sanderson na McHenry, waliandika makala ya kuonya juu ya makosa hayo. Kosa moja kubwa ni kuhesabu fedha ambazo zingekuwapo hata bila chuo. Jingine ni kuhesabu shilingi moja mara mbili.

Basi shika maswali haya matatu, nawe utazikata hesabu zilizovimba.

(a) Je, fedha hizi zingekuwapo hata hivyo? Mtoto wa jirani yako anayesoma katika chuo kilicho karibu, akala kwao na kulala kwao, hajaleta fedha mpya. Lakini kama bila chuo hicho angekwenda kusoma mbali na baba yake kumpelekea fedha huko, hapo chuo kimezuia fedha zisitoke. Andika hiyo kuwa faida. Mtazame pia mwenye duka aliyehama kutoka soko la zamani kwenda mbele ya lango la chuo. Duka lake si duka jipya, limehama tu. Usisahau kukitazama chuo chenyewe. Egerton kina shamba lake liitwalo Tatton, na ng'ombe wake wanakamuliwa. Kwa hiyo mtu asidhani kila kikombe cha maziwa kinachonywewa chuoni kimetoka kwa mkulima jirani.

(b) Je, fedha hizi hukaa hapa, au hupita tu? Fikiri habari za mfereji wa maji. Maji mengi yaweza kuingia kwenye mdomo wa mfereji, lakini ukiwa na matundu, machache ndiyo yafikayo shambani. Mwanafunzi akinunua mkate uliookwa mjini kwa unga wa kiwanda cha mbali, mwenye duka wa kijijini hubakiwa na shilingi chache tu. Akinunua fungu la sukuma wiki lililotoka shambani kwako, karibu fedha zote hubaki. Akinunua muda wa simu, fedha hupita kama msafiri asiyeshuka garini. Na mwenye nyumba za kupanga akikaa Nairobi, kodi ya nyumba hulala Nairobi.

(c) Je, fedha zilizobaki huzunguka mara ngapi? Mama mwenye mboga akipata shilingi 100, tuseme hutumia 40 kwa watu wa hapo hapo, labda kumlipa kijana wa palizi. Zile 60 nyingine huenda kwa vitu vya nje. Kijana naye hutumia 40 katika kila 100, yaani shilingi 16, kwa mtu mwingine wa hapo. Huyo hutumia shilingi 6 na senti 40, na anayefuata shilingi 2 na senti 56. Ukijumlisha 100, 40, 16, 6.40, 2.56 na kuendelea hivyo, hutapita shilingi 167. Na kama wanaobakiza ni 20 tu katika kila 100, jumla haitapita shilingi 125.

Njia ya mkato ni hii: toa kutoka 100 kile kiasi kinachotumiwa tena hapo, kisha ugawe 100 kwa kinachobaki. Kwa mfano wa kwanza, 100 gawa kwa 60 ni 1.67. Kwa mfano wa pili, 100 gawa kwa 80 ni 1.25. Kiasi hicho ndicho unachozidisha nacho. Mahali padogo pa mashamba, penye viwanda vichache, matundu ya mfereji ni mengi, na kizidisho huwa kidogo. Mtu akikuambia kila shilingi ya chuo inakuwa shilingi mbili au tatu katika skimu yako, mwombe akuonyeshe ni nani hasa wanaopokezana shilingi hiyo.

4. HESABU YA MFANO

Hesabu ifuatayo si ya chuo chochote. Ni ya kujifunzia tu, kama hesabu za ubaoni.

Chuo kimejengwa karibu na skimu yenye jamaa 3,000. Wanafunzi, wafanya kazi na chuo chenyewe hutumia shilingi 10,000,000 kwa mwezi katika jirani. Mtu wa kukisifu chuo azidisha mara mbili kwa ajili ya mzunguko, halafu mara 12 kwa miezi ya mwaka. Atangaza shilingi 240,000,000 kwa mwaka. Sasa tupime sisi.

Kwanza, twatoa shilingi 2,000,000 ambazo zingetumiwa hapo hata bila chuo. Zabaki 8,000,000.

Pili, nusu ya hizo zatoka mara moja kwenda kwa wenye viwanda, wenye mali wa mbali na wenye nyumba wasiokaa hapo. Zabaki 4,000,000.

Tatu, katika kila shilingi 100 zilizobaki, 40 hutumiwa tena hapo. Twazidisha kwa njia tuliyoona: 4,000,000 gawa kwa 60, zidisha kwa 100. Twapata 6,666,667.

Nne, wanafunzi hawako mwaka mzima. Tuseme masomo ni ya miezi minane, na fedha za miezi ya likizo tuziache. Mara 8 ni karibu 53,333,000.

Tano, ekari 200 zilichukuliwa kujengea chuo, na kila ekari ilikuwa ikileta faida ya shilingi 30,000 kwa mwaka. Hiyo ni 6,000,000, nayo yatolewa. Zabaki karibu 47,333,000.

Umeona? Tangazo lilikuwa limevimba mara tano. Hata hivyo usikimbilie kusema chuo hakina faida. Shilingi milioni 47 kwa mwaka si kitu kidogo. Ukizigawa kwa jamaa 3,000, kila moja hupata karibu shilingi 15,800. Lakini hapo hapo uliza swali jingine: je, hugawanyika sawa? Hazigawanyiki. Aliye karibu na lango hupata nyingi. Aliye maili saba ndani, ambako gari halipiti wakati wa mvua, huenda asipate hata senti. Ndiyo sababu barabara ya kutoka mashambani mpaka chuoni huweza kuwa na faida kwa skimu kuliko jengo jipya ndani ya ua wa chuo.

5. GHARAMA AMBAZO HAZIANDIKWI

Wanaotangaza huandika faida, wakaacha gharama. Mkulima aandike zote mbili.

Ardhi ni ya kwanza. Ekari 740 na ekari 1,100 za Egerton ni jumla ya 1,840. Ukizikata katika mashamba ya ekari 20, ni mashamba 92. Hatusemi zingepaswa kukatwa; ardhi hiyo imefundisha maelfu ya wataalamu wa ukulima. Twasema tu kwamba ardhi ina bei hata inapotolewa bure, na bei hiyo ni mazao ambayo ingezaa.

Ya pili ni kupanda kwa bei. Wanafunzi wakiwa wengi, kodi ya nyumba hupanda, na bei ya kuni na ya kibarua pia. Mwenye kuuza hufurahi. Mjane asiye na shamba, naye yuko jirani hiyo hiyo, huumia.

Ya tatu ni maji na takataka. Kisima na mto uliowatosha jamaa 3,000 sasa ni wa watu wengi zaidi.

Ya nne ni hatari ya kutegemea mlango mmoja. Mwezi wa Machi 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, Serikali ilifunga shule na vyuo vyote. Wanafunzi walikwenda kwao, na vyumba vikakaa vitupu miezi mingi, lakini benki haikusahau siku ya kudai mkopo. Vile vile matawi ya vyuo vikuu yamewahi kufunguliwa kwa shangwe katika miji midogo, kisha yakafungwa. Si kila tawi hukua kama Chuka, palipoanzia tawi la Egerton, pakapata hati ya chuo kikuu kamili mwaka wa 2013. Kwa hiyo mtu asing'oe kahawa au malisho ya ng'ombe wake yote ili ajenge vyumba. Chuo kiwe mnunuzi mmoja katika wanunuzi wako, kisiwe mnunuzi wa pekee.

6. FAIDA ISIYOPITA LANGONI

Mpaka sasa tumehesabu fedha peke yake. Kama chuo kingekuwa cha kuleta fedha tu, kambi ya jeshi au kiwanda kingefanya kazi ile ile. Kazi ya chuo ambayo kambi haiwezi ni elimu, na elimu haihesabiwi kwa kusimama langoni.

Mwaka wa 1958 mtaalamu mmoja wa Marekani, Zvi Griliches, aliandika hesabu ya mahindi chotara ya nchi hiyo. Alijumlisha gharama yote ya utafiti, ya Serikali na ya watu binafsi, akailinganisha na mazao yaliyoongezeka. Aliona kwamba, kufikia mwaka wa 1955, kila dola moja iliyotumiwa katika utafiti huo ilikuwa ikirudisha kadiri ya dola saba kila mwaka. Lakini angalia faida hiyo ilikwenda wapi. Haikukaa karibu na vyuo na vituo vya utafiti. Ilikwenda kwa wakulima wa majimbo mengi, na kwa walaji waliopata chakula kwa bei nafuu. Mtu aliyesimama langoni akihesabu mikate angepitwa nayo yote. Hapa Kenya twajua jambo la namna hiyo: mahindi chotara H611 yalitolewa mwaka wa 1964 na kituo cha utafiti cha Serikali cha Kitale, na faida yake haikuishia Kitale.

Wataalamu wengine wawili, Valero na Van Reenen, walitoa hesabu kubwa zaidi mwaka wa 2019. Walitazama vyuo vikuu karibu 15,000 katika nchi 78, tangu mwaka wa 1950 mpaka 2010. Waliona kwamba jimbo likiongeza idadi ya vyuo vikuu kwa sehemu 10 katika 100, pato la kila mtu wa jimbo hilo baadaye huwa juu kwa karibu sehemu 4 katika 1,000. Ongezeko hilo ni dogo, lakini lipo. Waliona pia kwamba halikuletwa na matumizi ya chuo na wanafunzi peke yake. Sehemu yake ilitokana na watu wenye elimu na uvumbuzi. Tena majimbo jirani nayo yalinufaika.

Basi tuna vipimo viwili, na mwenye akili huvishika vyote: fedha zinazobaki, na elimu inayofika shambani.

Lakini elimu haitembei yenyewe. Marekani ilitoa ardhi ya kuanzishia vyuo vya ukulima na ufundi kwa sheria ya mwaka wa 1862. Mwaka wa 1887 ilipitisha sheria ya vituo vya kujaribia mazao. Sheria ya maofisa wa kupeleka elimu kwa wakulima ilikuja mwaka wa 1914. Kutoka ya kwanza mpaka ya tatu ni miaka 52. Chuo chenye kufundisha tu ni kigoda cha mguu mmoja. Chuo chenye kufundisha, kuchunguza na kupeleka habari mashambani kina miguu mitatu, nacho hukalika.

7. PIMA ELIMU SHAMBANI KWAKO

Elimu nayo yaweza kupimwa na mkulima mwenyewe. Egerton, kwa mfano, kimetoa mbegu za maharagwe ziitwazo Chelalang, Ciankui na Tasha. Ukitaka kujua faida ya mbegu mpya ya namna yoyote, usipande shamba zima ukakadiria kwa macho. Pima vipande viwili vilivyo sawa, katika udongo ulio sawa. Panda siku moja, palilia siku moja. Kimoja kiwe na mbegu yako ya zamani, kingine mbegu mpya. Wakati wa kuvuna, pima kila kipande mbali.

Tuseme kipande cha zamani kimetoa gunia 3 na kipya gunia 4, na bei ya gunia ni shilingi 7,000. Umepata 7,000 zaidi. Lakini kama mbegu mpya ilikugharimu shilingi 1,500 zaidi, faida ni 5,500. Hesabu hiyo yafuata kanuni tuliyoianza: hali iliyopo, toa hali ambayo ingekuwapo. Kile kipande cha zamani ndicho kinachokuonyesha hali ambayo ingekuwapo.

Maharagwe yana jambo jingine zuri. Mbegu yake huweza kuwekwa na kupandwa tena, na jirani akiomba debe moja, elimu imevuka ua bila mtu kulipwa. Faida ya namna hiyo haionekani katika tangazo lolote, nayo ni faida ya kweli.

8. DAFTARI YA KURASA NNE

Chama cha skimu kilicho karibu na chuo chaweza kupima chenyewe. Nunueni daftari, nayo ikae kwa karani anayeaminiwa.

Ukurasa wa kwanza: yaliyouzwa chuoni au kwa watu wa chuo kila mwezi, na bei yake.

Ukurasa wa pili: yaliyouzwa mahali pengine mwezi huo huo, na bei yake. Bila ukurasa huu hamwezi kujua kama chuo kimewaongezea soko au kimehamisha tu mauzo yaliyokuwapo.

Ukurasa wa tatu: gharama zilizoletwa na chuo, kama vile kodi, maji, vibarua na mazao yaliyoibiwa.

Ukurasa wa nne: elimu iliyopatikana. Nani alikwenda siku ya wakulima? Nani alipima udongo? Mbegu gani ililetwa, na ilizaa nini? Kijana gani wa skimu alisoma, na sasa yuko wapi? Aliyesoma akarudi kuwa daktari wa mifugo katika kaunti aandikwe. Aliyesoma akaenda mbali lakini hutuma fedha kwa mama yake aandikwe pia, kwa hesabu ya fedha anazotuma.

Baada ya mwaka mmoja, linganisheni miezi ya masomo na miezi ya likizo. Likizo ni mwalimu wa bure, kwa sababu huonyesha skimu ilivyo bila wanafunzi. Ila mjihadhari: maziwa hupungua wakati wa kiangazi hata wanafunzi wakiwapo. Linganisheni miezi yenye mvua sawa. Na miezi ya korona ya mwaka wa 2020 isiwe kipimo pekee, maana wakati ule masoko na safari pia vilizuiwa, na si upungufu wote uliotokana na kufungwa kwa chuo.

Daftari hiyo ina nguvu katika baraza. Mtu akija kuomba ardhi kwa ajili ya tawi la chuo, msibishane naye kwa sauti. Mwulizeni: Wanafunzi wangapi watakuwa wageni? Chakula kitanunuliwa kwa nani, na je, mkataba utaandikwa na chama cha ushirika? Nani atajenga vyumba? Maji yatatoka wapi? Siku ngapi kwa mwaka walimu watafika mashambani? Tawi likifungwa, ardhi itarudi kwa nani? Mwenye majibu yaliyoandikwa anastahili kusikilizwa. Mwenye kutaja mamilioni tu arudi akahesabu.

MASWALI YA KUJIFUNZIA

1. Kwa nini mbegu za kituo cha ngano cha Njoro zisihesabiwe kuwa faida ya chuo kikuu?

2. Taja vitu viwili ambavyo mwanafunzi akivinunua, fedha nyingi hukaa katika skimu yenu, na viwili ambavyo fedha zake hutoka mara moja.

3. Chuo fulani huleta matumizi ya shilingi 6,000,000 kwa mwezi. Shilingi 1,000,000 zingekuwapo hata hivyo. Katika zilizobaki, sehemu tatu katika tano hutoka mara moja. Katika kila shilingi 100 zinazobaki, 20 hutumiwa tena hapo. Faida ya fedha kwa mwezi ni kiasi gani kabla ya kutoa gharama ya ardhi?

Jibu la swali la tatu: 6,000,000 toa 1,000,000 ni 5,000,000. Sehemu mbili katika tano ni 2,000,000. Gawa kwa 80, zidisha kwa 100: ni shilingi 2,500,000. Kama umepata zaidi, tazama tena mfereji wako. Yako matundu uliyoyasahau.